Bahasha ya Manjano: Barua ya Wazi kwa Wanaowaandaa Wakenya Kwenda Kufanya Kazi Ujerumani

Kwenu waheshimiwa wenye dhamana ya leba na ya Wakenya walio ng'ambo, kwenu wakuu wa vyuo vinavyofundisha Kijerumani kuanzia Mombasa hadi Kisumu, na kwenu mawakala mnaotusafirisha,

Salamu za heshima. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, na sasa ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uuguzi katika mji mdogo wa jimbo la Thüringen, katikati ya Ujerumani. Wiki nyingine niko darasani, wiki nyingine niko kazini kwenye makao ya wazee. Nimetoka zamu ya usiku, chai iko mezani, na kando ya kikombe nimeweka bahasha moja ya manjano ambayo nimeihifadhi karibu miaka miwili. Hiyo ndiyo iliyonifanya niwaandikie, kuwaomba mtufundishe maisha ya kila siku ya huku kabla hatujasafiri.

Mwezi wa nne tangu nifike, nilipanda treni kurudi nyumbani kutoka kazini. Tiketi ya mwezi nilikuwa nayo, ile ya nchi nzima iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49, lakini ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa imeisha chaji. Mkaguzi alikuwa mpole. Aliniandikia faini ya yuro 60, akanieleza jambo fulani kwa Kijerumani cha haraka chenye lafudhi ya huku, nami nikaitikia "ja, ja" kwa sababu nilikuwa hoi na abiria walikuwa wananitazama. Alichokuwa ananieleza nilikuja kukijua baada ya miezi mingi: mtu mwenye tiketi iliyoandikwa jina lake akiionyesha ofisini ndani ya siku chache, faini inashuka, analipa kama yuro 7 tu za shughuli. Saba!

Sikwenda. Nilidhani watanipigia simu. Ikaja barua ya kwanza, nikaitia kwenye droo. Ikaja ya pili kutoka kampuni nisiyoijua, nikadhani ni matangazo ya biashara. Ya tatu hivyo hivyo. Kisha ikaja hii ya manjano, na juu yake tarishi alikuwa ameandika tarehe kwa kalamu. Nayo nikaitia kwenye droo.

Aliyeifungua droo hiyo ni mama mmoja wa Tanga aliyeolewa huku zaidi ya miaka ishirini iliyopita, ambaye sisi vijana wa Afrika Mashariki hapa mjini tunamwita Shangazi. Alikuja kuniletea mbaazi na mahamri, akanikuta nikihangaika na droo isiyofunga kwa kujaa. Akaketi kitandani, akazipanga barua zote juu ya shuka, moja baada ya nyingine kwa tarehe. Alipoifikia ya manjano akanyamaza. Akaisoma ile tarehe ya kalamu, akahesabu kwa vidole. "Mwanangu," akaniambia, "bahasha hii hailazwi. Ulikuwa na siku kumi na nne. Leo ni ya ishirini na mbili."

Ilikuwa amri ya malipo kutoka mahakamani. Sheria inampa mtu wiki mbili za kuipinga, na wiki hizo hazianzi siku anapoifungua barua. Zinaanza siku ile tarishi anapoitumbukiza sandukuni na kuandika tarehe. Faini ya yuro 60, ambayo ingekuwa 7, ilikuwa imeshazaa gharama za kampuni ya kudai madeni na ada za mahakama hadi ikapita 200. Kwa mwanafunzi anayemtumia mama yake pesa za dawa ya presha kila mwezi, waheshimiwa, hizo si pesa ndogo. Nililipa kwa awamu nne. Mwezi mmoja sikutuma chochote nyumbani, nikamwambia mama kwamba mshahara umechelewa. Ule uongo unaniuma mpaka leo kuliko pesa zenyewe.

Sikuwa mzembe. Mtihani wa Kijerumani wa B1, yaani ngazi ya kati, niliupita mara ya kwanza. Lakini nilikulia mahali ambapo barua haiji mlangoni. Kwetu barua inakwenda kwenye sanduku la posta lililoko mjini, na nyumba nyingi hazina sanduku lake. Tunaazima la shule, la msikiti, la ofisi anakofanya kazi mjomba. Jambo zito linakuja kwa simu, au anatumwa mtu aje aseme. Pesa zikiingia M-Pesa, arafa inalia hapo hapo. Pasipoti na cheti cha kuzaliwa unaomba kwenye eCitizen, tovuti ya serikali. Karatasi iliyotulia kimya ndani ya bahasha, tangu nizaliwe, haikuwahi kunidhuru. Ningejuaje kwamba huku anayekupigia simu ghafla kudai pesa huenda ni tapeli, na serikali yenyewe inakuja kimyakimya kwa posta?

Mombasa tulisoma Kijerumani miezi minane, na walimu wangu nawashukuru kwa moyo wote. Bila wao nisingefika. Tulijadili faida na hasara za utalii. Tulijadili simu kwa watoto. Tuliandika barua ya kumtaka radhi rafiki kwa kukosa sherehe yake. Hakuna siku tuliyoshikishwa barua halisi ya kutoka Ujerumani na kuulizwa: hii inataka nini kwako, na ina siku ngapi?

Wala hatukuambiwa kwamba sanduku la barua lazima liwe na jina lako. Naomba msilione hili dogo. Huku jengo lina namba ya mtaa, lakini vyumba kwa kawaida havina namba. Familia kumi au ishirini za jengo moja zinatambuliwa kwa majina yaliyobandikwa kwenye kengele na kwenye masanduku. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Mwenzangu mmoja wa Kakamega alikaa wiki saba bila kadi ya benki kwa sababu sanduku lake lilikuwa bado na jina la mpangaji aliyehama. Kadi inatumwa kwa barua moja, namba ya siri kwa barua nyingine, siku tofauti. Zote mbili zilirudi. Mshahara ulikuwa umeingia kwenye akaunti, na yeye alikuwa anakopa nauli.

Tena mambo yenyewe yameshikana, moja linavuta jingine. Ukihamia nyumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha makazi, shughuli wanayoiita Anmeldung. Huandikishwi bila karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia kwake. Ukishaandikishwa, namba ya kodi yenye tarakimu 11 inatumwa kwa posta. Ukikaa sana bila kumpa mwajiri namba hiyo, analazimika kukukata kodi kwa daraja la sita, ambalo ndilo zito kuliko yote. Kadi ya bima ya afya nayo inakuja kwa posta. Na ada ya redio na televisheni za umma, yuro 18.36 kwa mwezi, inadaiwa kwa posta, uwe na televisheni usiwe nayo. Watu wetu wengi huitupa barua hiyo wakisema "mimi sina TV", na deni linawafuata miaka. Kumbe ada hiyo inatozwa nyumba, haitozwi mtu: wanne wakiishi pamoja inalipwa moja. Nawajua vijana watatu waliokuwa wanalipa kila mtu ya kwake chini ya paa moja, mwaka mzima, kwa sababu hawakuwa na wa kumuuliza.

Kuna na suala la saa. Sisi Waswahili tumezoea kugeuza saa kichwani. Saa mbili yetu ya asubuhi ni nane ya wenzetu, na hatujikwai. Lakini Kijerumani kina namna yake. Wakisema halb vier, yaani nusu ya nne, wanamaanisha nusu ya kuielekea nne: tatu na nusu, ambayo kwetu ni saa tisa unusu alasiri. Kitabuni tuliipita kwa mstari mmoja. Nilipoisikia kwa simu, kutoka kwa karani mwenye haraka, niliichukua kama wasemavyo Waingereza, nikaenda saa kumi unusu. Mlango umefungwa. Miadi mpya, ile wanayoiita Termin na ambayo bila hiyo ni shida kuonwa na mtu yeyote, nikapewa ya wiki sita mbele. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kimebakiza wiki tano.

Nilikonda. Nilikuwa nalisha wazee wangu uji wa asubuhi huku nawaza kufukuzwa nchini. Sikujua kwamba ombi la kuongeza muda, ambalo nilikuwa nimeshalituma kabla kibali hakijaisha, linamlinda mtu kisheria mpaka lijibiwe. Ni sentensi moja. Ingesemwa darasani Mombasa, ningelala usingizi wiki zote hizo.

Kuhusu baridi, kila mtu atakwambia ununue koti. Hakuna anayekwambia habari ya kile kitufe cha kuzungusha kwenye bomba la joto ukutani, chenye namba 1 hadi 5. Watu wetu wanakizungusha hadi 5 wakidhani chumba kitapata joto upesi. Zile namba hazionyeshi kasi, zinaonyesha kiwango: 3 ni kama nyuzi 20, na ukiweka 5 hutazifikia hizo 20 mapema zaidi, joto litapitiliza tu, na hesabu yake utaletewa mwisho wa mwaka. Dirisha nalo linafunguliwa wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku, hata theluji ikianguka, kisha linafungwa. Sisi tunalifunga usiku na mchana kwa kuogopa baridi, tunaanika nguo chumbani, tunapika pilau mlango umefungwa, na kufika mwezi wa pili ukuta nyuma ya kabati umeota kuvu nyeusi. Mwenye nyumba anaweza kuikata kwenye depoziti, na depoziti yaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Nimemwona dada wa watu akisugua ukuta kwa siki huku analia.

Mapipa ya taka na rangi zake, chupa unazorudisha dukani ukapewa senti zako 25, maduka kufungwa Jumapili: hayo mtu anayashika kwa wiki mbili kwa kuwatazama majirani, sitawachosha nayo. Nayataja kwa sababu ndiyo yanayojaa kwenye video za maisha ya Ujerumani, na kijana anayatazama, anaondoka Nairobi akiamini ameshajiandaa.

Kuugua ni jambo jingine kabisa. Kijana wetu mmoja alishikwa na homa kali, akamtumia mwenzake ujumbe saa kumi na moja alfajiri, akalala. Kumbe mwajiri lazima aarifiwe yeye mwenyewe kabla zamu haijaanza. Alipewa onyo la maandishi, na onyo kama hilo si karatasi ya kuchezea kwa mtu ambaye kibali chake cha kuishi kimefungamana na mafunzo. Tangu 2023 cheti cha daktari kinapita kwa mtandao hadi kwa bima, mwajiri anakichukua huko, lakini simu ya asubuhi hakuna anayekupigia kwa niaba yako. Mfundisheni mtu kuipiga. Mfundisheni pia kwamba 112 ni ya hatari ya maisha, na 116117 ni ya daktari usiku au wikendi, ili asikae na mtoto mwenye homa mpaka Jumatatu.

Aliyenifundisha barua hasa, baada ya Shangazi kuniokoa, ni bibi mmoja mkaazi wa makao ninapofanya kazi, ana zaidi ya miaka tisini. Kila siku karibu saa tano ananiuliza kama posta imefika. Siku moja nilimwambia kwamba mimi barua naziogopa. Hakucheka. Alinitaka nikae, akachukua kisu chake kidogo cha kufungulia bahasha, akanionyesha: unafungua siku hiyo hiyo, unaandika kwa penseli tarehe iliyofika kwenye kona ya juu, unapiga mstari chini ya tarehe ya mwisho, halafu unatoboa matundu mawili na kuitia kwenye faili. Mkono wake unatetemeka lakini mstari ulinyooka. Wiki iliyofuata nilinunua faili na kitobozi. Lile faili sasa ni nene, na tangu siku hiyo sijalipa faini hata moja ya kuchelewa.

Alichonifundisha ajuza yule kilichukua kama nusu saa. Ndiyo maana naamini ninachowaomba kinawezekana.

Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakiwepo. Wiki ile simu yangu haikutulia. Nyumbani watu walikuwa wanataja nafasi 250,000, hata serikali ya Ujerumani ikalazimika kueleza hadharani kwamba mkataba hautaji idadi yoyote. Binamu, majirani, hata mwalimu wangu wa darasa la nane, wote walitaka kujua habari za viza na mshahara. Hakuna aliyeniuliza jinsi ya kuishi mwezi wa kwanza. Siwalaumu; mimi nilipokuwa upande wao sikuuliza.

Kwa hiyo naomba ninyi ndio mseme bila kuulizwa. Naomba wiki mbili tu. Kati ya kufaulu mtihani na kupata viza mtu anakaa miezi. Mimi nilikaa mitano nikimsaidia mama kuuza viazi karai karibu na feri. Chukueni siku kumi za masomo katika miezi hiyo. Wekeni darasani sanduku la barua lenye nafasi ya jina. Leteni barua halisi zilizofutwa majina: ya bima, ya kodi, ya ada ya televisheni, ya matangazo matupu, ya kampuni ya madeni, na hii ya manjano. Mwanafunzi azichambue, aseme ipi ni ya kutupa, ipi ya kujibu, na ipi inahesabiwa siku. Mpeni simu aombe Termin kwa mwalimu aliyejificha chumba cha pili akizungumza haraka bila subira. Mpeni kile kitufe cha joto akishike kwa mkono wake. Na mfundishe hayo kwa Kiswahili. Mtihani wa lugha ubaki wa Kijerumani, lakini sheria inayoweza kumgharimu mtu makazi yake aelezwe kwa lugha anayoiotea ndoto.

Jambo lenyewe si geni kwenu. Dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia wameshawekewa mafunzo kabla ya safari. Najua wao wanakutana na mateso mazito kuliko yetu, na sithubutu kulinganisha. Wanastahili ulinzi mkubwa zaidi ya darasa. Ninachosema ni kwamba mlishakubali mtu asiondoke bila kuonyeshwa kazi za kila siku za huko aendako. Mbona anayekwenda Ujerumani anaonekana kama cheti cha B1 kimemtosheleza?

Na mawakala, kwenye mkataba mnaotusainisha wekeni jina la mtu mmoja, si la kampuni, atakayeketi na mgeni mara moja kwa wiki kwa miezi sita ya mwanzo wafungue barua pamoja. Mwajiri anayemhitaji muuguzi kiasi cha kumleta kutoka Kenya hawezi kukosa saa moja ya Ijumaa. Ubalozi wetu Berlin nao uwe na namba ya simu inayopokelewa na msemaji wa Kiswahili ambaye mtu anaweza kumtumia picha ya barua na kuuliza: hii ni nini?

Wa kufundisha mnao. Wapo waliokwisha kurudi nyumbani, wanajua kila bahasha kwa rangi yake. Na sisi tulio huku tuko tayari kufundisha kwa video siku za mapumziko, bila malipo. Nimewauliza wenzangu saba, wote wamekubali.

Mnapotangaza pesa zinazotumwa na Wakenya walio ng'ambo, karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, sisi tunafurahi kuhesabiwa humo. Lakini zile yuro 200 zangu hazimo. Zilikuwa za dawa ya mama yangu, na ziliishia kwenye akaunti ya kampuni ya madeni kwa sababu ya karatasi niliyoiogopa kuifungua.

Jumamosi hii wanafika watatu wapya, wawili wa Kilifi na mmoja wa Voi. Mmoja wao ameniuliza kwa simu alete unga kilo ngapi. Nimemwambia alete mbili, na nimemwomba anitumie jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jana jioni nilikwenda kwenye jengo watakaloishi, nikabandua majina ya wapangaji waliohama, nikabandika yao kwenye kengele na kwenye sanduku.

Wenu katika heshima,
Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu
Thüringen, Ujerumani